Praima Haipatani na Udi

Meli moja ya plastiki, urefu wake hauzidi dhiraa, ilinigharimu makopo manne ya praima, chupa nzima ya mafuta ya breki, udi ambao bei yake siitaji nisije nikalia, na heshima yangu mbele ya wateja wote wa duka moja la rangi pale Mwanakwerekwe. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilizidi, kwa sababu nilikumbuka na nauli.

Nakuandikieni nyinyi vijana, maana nasikia siku hizi mmeanza kujenga vijimeli na vijidege vya plastiki, mnavipaka rangi na kuvipiga picha. Mimi niliifanya kazi hiyo mpaka macho yakaniomba ruhusa. Tulikuwa na chumba cha chini Mkunazini, mimi na Mzee Pandu, tukitengeneza mifano ya meli na ndege kwa ajili ya mapokezi ya hoteli na meza za mawakala wa tiketi. Boksi linakuja na vipande vimeshikana kwenye fremu zake. Unavikata, unaviosha, unavigandisha, unapuliza praima ya kopo, yaani mpako wa msingi, ndipo unapaka rangi. Mtu akikuulizeni kazi kubwa ni ipi, msimwambie ni rangi. Rangi ni kupokea sifa tu.

Mimi sikuzaliwa na vijimeli. Nilikuwa nawapaka maharusi piko na hina. Mzee Pandu, ambaye ujana wake wote aliumaliza gereji akipuliza rangi za magari, aliniona kwenye harusi ya mjukuu wake, akasimama kuniangalia mkono mpaka wenye harusi wakaanza kumwangalia yeye.

"Mwanangu," akasema, "mkono huo unaweza kuandika jina la meli juu ya punje ya mchele."

Nikamtajia mshahara mara mbili ya aliokuwa nao kichwani. Tukabishana tukakutana katikati, na pale katikati ndipo nilipokuwa nikipataka tangu mwanzo. Nakuambieni haya mapema ili mjue kwamba si mjinga. Mtakayoyasoma mbele yanaweza kukupeni shaka.

Jambo la kwanza nililofanya kazini ni kutafuta pa kubana matumizi, na nikaiona praima. Kijivu kitupu, hakionekani kazi ikisha, na kopo linaisha upesi. Mzee Pandu alipokwenda Jambiani kwenye maziko, nikapaka ndege ya wakala mmoja wa tiketi bila ya praima. Nyeupe juu, mstari wa buluu ubavuni, nzuri ya kuogopesha. Ili kupata mstari wa pili nikabandika utepe wa karatasi. Nilipoubandua, ulitoka pamoja na mstari wa kwanza, mzima, haujakatika, ungeweza kuuvaa mkononi kama bangili.

Mzee Pandu alirudi akaukuta juu ya meza. Hakugomba. Alisema tu, "Zuwena, umempaka bibi harusi hina juu ya glavu."

Plastiki ni laini kupita kiasi, rangi haina pa kushika. Praima ndiyo inayoipa kucha. Tena praima ni kama wifi: ikishaingia ndani haifichwi kitu. Ufa wa gundi, alama ya kidole, mkwaruzo wa msasa, vyote utaviona siku hiyo hiyo, na heri uvione wewe kuliko mteja.

Mara nyingine nilinunua kopo kubwa la praima ya magari, kwa kuwa lilikuwa rahisi na mimi kitu rahisi huniingia moyoni. Bawa la ndege lilijikunja mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa ya moto. Dawa iliyomo kwenye makopo mengine inakula plastiki. Kwa hiyo msitupe zile fremu zinazobaki baada ya kukata vipande. Kopo jipya lijaribuni kwanza kwenye fremu. Mimi nilikuwa nazitupa, kisha nikawa naziokota jaani, nikizihesabu.

Na namna ya kupuliza ni hivi. Tikisa kopo mpaka mkono ukuchoke, halafu tikisa tena, kwa sababu uzito wa rangi umelala chini na wewe unapuliza maji yake. Kaa mbali shubiri moja na vidole vinne. Ukisogea karibu itachuruzika, ukienda mbali itafika kavu, na utapata meli yenye ngozi ya msasa. Anza kupuliza hewani kabla ya kuifikia meli, pita moja kwa moja, na umalizie hewani upande wa pili. Pazia la kwanza liwe jepesi uione plastiki ndani yake, kama uso wa mtu nyuma ya shela. Subiri, kisha rudia. Kabla ya yote, nenda jikoni ushike chumvi. Ikiwa imelowana na kushikana, hewa ina maji. Rudisha kopo kabatini ukafanye kazi nyingine.

Haya yote nilikuwa nayajua vizuri sana wakati nilipofanya niliyoyafanya.

Tatizo lilikuwa harufu. Praima ya kopo inanuka, hilo halina ubishi, na chumba chetu kilikuwa chini ya ngazi za nyumba ya Bi Shemsa, mwenye nyumba. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia chumbani kwake ikakaa kwenye nguo. Siku moja alishuka, jambo ambalo hakuwa akilifanya ila kwa msiba.

"Pandu, mimi nnalala na gereji," alisema. "Mwezi huu ukisha, nataka chumba changu."

Mzee Pandu akaniangalia mimi. Mambo ya kubishana yalikuwa yangu. Nikapanda juu na Bi Shemsa, nikanywa kahawa yake, nikamsifu mapazia, na tukafika kwenye mapatano: kila nikimaliza kupuliza praima, nitafukiza udi chumbani kwetu, ili kitakachopanda ngazi kiwe ni udi. Udi wenyewe alitengeneza yeye, wa sukari na mafuta ya manukato, mzito, unashika nguo siku tatu. Sikuupata bure, bali tulisalimika na chumba. Nilishuka zile ngazi nikijiona mjanja wa Unguja nzima.

Wiki hiyo hiyo akaja Mzee Machano.

Alikuwa mtu wa Tumbatu, na maisha yake yote alikuwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani, kwenye meli moja ya mizigo iliyokwisha kukatwa vyuma. Alikuja na boksi kwapani. Binti yake aliyeko Maskati aliipata meli ya aina ile ile, ya kujengwa, kwa mtu aliyekuwa ameihifadhi. Haitengenezwi tena. Na mwenyewe Mzee Machano alikuwa anahamia kwa binti yake, moja kwa moja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Nataka niende nayo," alisema. "Kule ni nyumbani kwa watu. Sina picha, sina karatasi. Wajukuu wakiniuliza nilikuwa nani, sina cha kuwaonesha ila magoti."

Akatuelezea rangi zake: ubavu wa kijani, juu nyeupe, dohani la manjano na mkanda mweusi. Mimi tayari nilikuwa nimeshaanza kulipaka lile dohani kichwani. Siku zilikuwa zinatosha. Nilizihesabu mara mbili.

Nikavikata vipande, nikaviosha kwa sabuni na mswaki, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya kuvitolea kwenye kalibu. Nikavipanga juu ya wavu wa waya vikauke. Halafu nikapuliza praima ndege nyingine tuliyokuwa nayo, nikawasha chetezo cha udi kama tulivyopatana na Bi Shemsa. Na hapa, wanangu, mkono ulifanya kazi bila ya kuniuliza. Mwanamke wa mjini akishika chetezo, macho yake hutafuta cha kuweka juu yake. Tangu msichana nimefukiza nguo kwa kuzitandaza juu ya tenga na chetezo chini. Nikakisukuma chini ya ule wavu. Kikakaa pale vizuri kabisa, na moshi ukapita kwenye meli ya serahangi, kipande kwa kipande, kama kanga za Ijumaa.

Siku ya pili nikavigandisha vipande vikubwa, nikapuliza praima ubavu wa meli. Ilitua, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kukimbia. Ilijikusanya pembeni ikaacha vidoa vya mviringo, plastiki tupu katikati, ubavu mzima ukanitumbulia macho kama samaki wa sokoni.

Mzee Pandu akasema ni mafuta. Nikamwambia nimeosha. Akasema nioshe tena. Nikaosha tena, nikapanga juu ya wavu, na jioni, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutimiza ahadi, nikafukiza.

Mtaniuliza kwa nini Mzee Pandu hakunusa. Pua ya Mzee Pandu ilikufa gereji. Angeweza kukaa ndani ya chetezo akakuulizeni mbona kuna ukungu.

Nikaamua kosa ni la kopo. Nikalirudisha Mwanakwerekwe kwa Bwana Festo, mtu wa bara aliyekuwa akituuzia rangi miaka mingi, mpole wa maneno. Nilizungumza mimi tu, na nikatoka na kopo jipya. Nikajaribu vipande vidogo, mashua za kuokolea watu. Macho ya samaki. Nikarudi, nikazungumza tena, nikatoka na kopo la tatu. Macho ya samaki. Siku zilizokuwa zinatosha zikawa hazitoshi, na Mzee Machano alikuwa akipita kila baada ya alasiri, anasimama mlangoni, haingii.

"Inaendeleaje?"

"Inaendelea, mzee."

"Sikusumbueni. Napita tu." Na kwao Tumbatu hakupitiki njia ya Mkunazini.

Safari ya tatu nilikwenda dukani na ushahidi. Niliitia meli ndani ya boksi lake, fremu zake na kila kitu, nikaiweka juu ya kaunta. Duka limejaa.

"Bwana Festo, makopo yako yamechacha."

"Mama, praima haichachi. Siyo tui."

"Basi niambie hii ni nini."

Akaichukua, akaigeuza, akaisogeza puani. Akanitazama, akainusa tena.

"Mama, hii meli inaolewa lini?"

"Tusifanyiane mzaha, kuna mtu anasafiri Jumamosi."

"Sifanyi mzaha. Inanukia kuliko mimi siku ya ndoa yangu." Akachungulia ndani ya boksi akatoa kipande cha fremu ambacho sikuwa nimekitoa wala kukipanga juu ya wavu. Akachukua kopo langu lile lile, la tatu, akatoka mlangoni, akapuliza. Praima ikalala juu ya plastiki kimya, laini, kijivu safi. Akaniletea nione. Wateja nao wakaona.

"Na yale mawili uliyorudisha," akasema, "nimepigia geti la shemeji yangu. Geti halijalalamika."

"Sasa mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Mama, uliniachia nafasi?"

Duka zima lilicheka. Kuna mzee alikuja kununua misumari, akasahau misumari. Mimi nilisimama pale nikiwaza kwamba miaka yote nilikuwa nikiwagombeza maharusi wasijipake mafuta kabla ya hina, kwa kuwa hina haishiki juu ya mafuta. Na udi wa Bi Shemsa ulikuwa ni nini kama si mafuta yaliyopewa mabawa. Nikalipa makopo yote mawili ya geti, na la nne nikalinunua bila ya kuomba lipunguzwe. Bwana Festo akaniuliza kama naumwa.

Kurudi, nikamwambia Mzee Pandu. "Kwa hiyo chumba kimekuwa kinanukia vizuri," akasema, "na mimi sijui." Hilo ndilo lililomuuma.

Ikabidi kuitoa praima yote. Yeye ndiye aliyejua njia: mafuta ya breki. Yanalegeza rangi wala hayali plastiki, lakini yanakula mikono, kwa hiyo vaeni glavu na fungueni madirisha. Tuliilaza meli ndani ya sinia ya mafuta, tukaisugua kwa mswaki kwenye kila mkunjo wa sitaha, tukaiosha kwa sabuni mara mbili. Mara ya pili nilikuwa namwosha shetani wangu.

Likabaki la Bi Shemsa. Nikapanda.

"Udi hautawezekana tena, Bi Shemsa. Unaharibu kazi."

"Basi na nyinyi hamtawezekana tena."

Tukabishana mpaka adhana. Mwisho akatuachia tupulizie juu, kwenye paa anapoanika nguo, nguo zake zikishaanuliwa. Na badala yake mimi nipande kila Alhamisi nimfukizie yeye nguo zake kwa mkono wangu, kwani ati mkono wangu umeonekana kuwa unashikisha. Mpaka nilipostaafu nilikuwa fundi pekee mjini anayelinda chumba cha kazi kwa kufukiza kanga za mwenye nyumba.

Paa tulilipata siku ya Jumatano. Mvua ilinyesha Jumatano yote. Nilishika chumvi ya Bi Shemsa kila nilipopata kisingizio cha kuingia jikoni kwake, mpaka akaniuliza nyumbani kwetu tunakula nini. Ilikuwa tope. Mzee Pandu alikuwa kakaa na meli iliyo uchi mapajani. Tulikuwa tumebakiwa na siku ya Alhamisi na Ijumaa.

Alhamisi jua likatoka. Kufikia saa nne chumvi ilikuwa inamiminika. Nikapanda juu na kopo la nne, nikatikisa mpaka bega likapiga kelele, nikapuliza pazia la kwanza. Nikasubiri pale pale nimechuchumaa. Haikukimbia. La pili. La tatu. Ilikaa kila mahali, kwenye ngazi, kwenye mashua, kwenye vifuniko vya ngama panapotiwa mizigo, nyembamba hata mishono ya mabati ukiiona. Katika maisha yangu sijapata kuipaka praima vizuri hivyo, na niliipaka siku ambayo haikuwa na faida. Praima ilitaka usiku ikauke. Rangi nne, kila moja na utepe wake na kukauka kwake, zilitaka siku nne. Nikahesabu, na nikarudia kuhesabu, safari hii kwa matumaini ya kukosea.

Ijumaa baada ya sala Mzee Machano alikuja, na siku hiyo aliingia ndani. Nilikuwa nimepanga maneno kama ninavyoyapanga sokoni: kwanza niilaumu mvua, kisha mwenye nyumba, na mimi nije mwisho iwapo nitaulizwa. Brashi ilikuwa mkononi, imeshachovywa manjano. Nilifikiri angalau dohani.

Akaichukua meli juu ya meza. Ilikuwa kijivu kitupu, kuanzia omo, ndiyo pua yake, mpaka tezi kule nyuma. Akaiinua mpaka usawa wa uso, akaitazama kwa chini, si kwa juu kama watu wote. Nikaanza, "Mzee, ile mvua ya juzi—"

"Nani kakuambieni?"

"Katuambia nini?"

"Kuwa ilikuwa hivi."

Mzee Pandu akasema, "Serahangi, haijesha hiyo. Hiyo ni praima."

"Naiona kuwa ni praima." Alikuwa anapitisha kidole gumba ubavuni, taratibu. "Ile rangi ya kijani mimi nilikuwa naiona nikiwa kwenye mashua, kwa mbali. Mtu aliyemo melini haoni ubavu wa meli yake. Mimi ubavu nikiuona chelezoni, meli ikipandishwa nchi kavu. Tumeshagonga kutu, tumeshaipiga praima, tumekaa chini yake tunakula. Kesho yake wanakuja watu wa rangi, na sisi tumeshaondoka."

"Lakini haijesha," Mzee Pandu akarudia.

"Kwenu haijesha. Kazi yangu mimi ilikuwa inaisha hapa."

Nikamwambia, "Dohani tu, mzee. Kidogo."

"Na dohani liache, mwanangu."

Nikaisafisha brashi. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa, nikamweleza na habari ya udi, yote, bila ya kuulizwa, na ilikuwa mara ya kwanza namuona akicheka. Tuliifunga kwenye boksi kwa pamba na kanga yangu kuukuu. Jumamosi akaondoka nayo mapajani. Hakuiweka kwenye mizigo.

Sasa mimi nimestaafu, nakaa Mbweni kwa mwanangu, na ndiyo sababu nakuandikieni. Mwezi huu binti wa Mzee Machano alinitumia picha kwa simu. Wajukuu wameishika meli ile mpaka praima imechubuka omoni, plastiki nyeupe inaonekana. Nyuma ya picha ikafuata sauti ya mzee mwenyewe, imepungua lakini ni ile ile: "Zuwena, omo imeanza kutoka. Nifanye nini?"

Mimi najua kuweka rangi juu ya praima. Kuilinda praima ibaki praima sikuwahi kutakiwa. Vanishi ninazozijua mimi zinang'aa, na zitakigeuza kile kijivu kionekane kimelowa, naye hataki kilowe. Kopo la kupuliza siwezi kumpelekea kwa ndege, hawaliruhusu. Nyinyi mnaojua vitu vipya, kuna kitu cha kupaka kwa brashi, kisichong'aa, kinachoweza kukaa juu ya praima bila ya kuibadilisha rangi, na kikavumilia mikono ya watoto? Niambieni jina lake, na bei yake ya mwisho, si ya kwanza. Fanyeni upesi, maana serahangi yule namjua. Huko aliko ameshatafuta msasa.